Risasi, Bunduki na Mlenga Shabaha

Jioni moja, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, palifanyika mdahalo ambao sijausahau mpaka leo. Hoja ilikuwa kwamba wazee wetu walishindwa na wageni kwa sababu ya ubora wa risasi peke yake. Kijana mmoja wa upande wa kuunga mkono alisimama, akapiga meza kwa ngumi, akasema, "Mpeni nyani risasi njema, naye atapiga shabaha!" Watu wakacheka sana. Mpinzani wake akamjibu kuwa baba wa babu yake alipigana katika vita vya kwanza vya dunia kwa bunduki kuukuu iliyotoa moshi kama tanuri, na kwamba hakukosa alichokilenga. Kengele ikalia, kura zikahesabiwa, upande wa risasi ukashinda kwa kura nne, nasi tukaenda kula.

Swali lenyewe, msomaji, si dogo kama linavyoonekana. Ukikubali kwamba risasi ndiyo yenye kuamua, basi historia ya vita inakuwa hesabu ya viwanda: mwenye kiwanda bora hushinda, na watu ni wabebaji wa vyuma tu. Ukikubali kwamba mtu ndiye mwenye kuamua, itakubidi uwalaumu walioshindwa kwa uzembe wao, jambo ambalo mara nyingi ni dhuluma. Kwa hiyo tusiharakishe. Natuvitenge kwanza vitu vyenyewe, kisha tuingie katika habari za watu waliovijaribu, wengine kwa mchezo, wengine kwa damu.

Neno risasi katika usemi wetu lina maana mbili. Mara husemwa kwa ile punje ya chuma inayotoka katika mtutu, mara husemwa kwa kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Kitu hicho kizima kina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ndogo kitakoni pake, baruti ndani ya ganda, na kichwa mbele. Katika maelezo haya nikisema risasi nakusudia kitu kizima. Nikitaka ile sehemu inayoruka nitasema kichwa. Bunduki nayo ina mtutu wenye mifereji ya mzunguko ndani yake, ambayo hukizungusha kichwa ili kiruke sawasawa, kama pia isimamavyo kwa kuzunguka. Ina kitako cha kuegemeza begani, mtambo wa kufyatulia, na vitu viwili vya kulengea: kitundu cha nyuma na ncha ya mbele. Mtu tunamjua. Ana jicho, kidole, pumzi na hofu.

Je, yawezekana kumwondoa mtu kabisa, ili tuone bunduki na risasi zitafanya nini peke yake? Yawezekana, na jambo hilo lilifanywa hadharani tarehe 2 Julai 1860 katika uwanja wa Wimbledon, karibu na London, na aliyefyatua alikuwa Malkia Victoria. Siku hiyo chama cha Waingereza cha kulenga shabaha kilikuwa kikifungua mashindano yake ya kwanza. Bunduki iliyotumiwa ilibuniwa na fundi Joseph Whitworth wa Manchester. Mtutu wake ulikuwa na pembe sita ndani badala ya mifereji ya kawaida. Ilifungwa imara katika kitanda cha chuma, ikalengwa kwa makini, kisha Malkia akakabidhiwa kamba ya hariri iliyofungwa katika mtambo. Akavuta. Shabaha ilikuwa mbali kwa yadi 400, yaani karibu mita 366, na kichwa cha risasi kilitua kama inchi moja na nusu tu kutoka katikati. Umati ukashangilia. Malkia hakuwa mlenga shabaha, wala siku ile hakuhitaji kuwa mlenga shabaha. Kitanda cha chuma hakipumui.

Sasa ifungue bunduki katika kitanda hicho, umpe mtu. Chukua karatasi ufanye hesabu pamoja nami. Tuseme kutoka kitundu cha nyuma mpaka ncha ya mbele ni nusu mita, kipimo kilicho karibu na kweli kwa bunduki nyingi za jeshi. Mlengaji akikosea kuiweka ncha ya mbele mahali pake kwa milimita moja, kosa lake ni sehemu moja katika 500. Kwa mita 100 kichwa kitakwenda pembeni kwa sentimita 20. Kwa mita 300 kitakwenda pembeni kwa sentimita 60, na kifua cha mtu kimekwisha kupitwa. Milimita moja ni upana wa mstari wa kalamu iliyochoka! Pumzi moja isiyozuiwa, au kidole kinachoukwapua mtambo badala ya kuukaza polepole, huleta kosa kubwa kuliko hilo.

Tutazame na upande wa risasi. Tuseme risasi mbili za sanduku moja hazikupimwa sawasawa kiwandani, kichwa cha moja kikatoka kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde, na cha pili kwa mita 690. Kila kirukacho huanguka huku kikiruka. Tukiacha kwanza kizuizi cha hewa, kwa mita 100 kile cha pili kitapiga chini ya mwenzake kwa milimita 3 tu. Kwa mita 900 tofauti hiyo hufika karibu sentimita 24, na ukiitia hewa katika hesabu huzidi. Umeliona jambo lenyewe? Karibu, kosa la risasi hufunikwa na kosa la mtu, kama mnong'ono unavyofunikwa na kelele za soko. Mbali, mnong'ono huo huwa sauti. Ndiyo sababu mabingwa wawili waweza kubishana usiku kucha na wote wawili wawe wakweli: mmoja anazungumza habari za mita 100, mwenziwe habari za mita 900.

Huko mbali ndiko walikokwenda Waayalandi na Wamarekani mwaka 1874. Waayalandi walikuwa wametoka kuwashinda Waingereza na Waskoti katika mashindano ya 1873, wakatangaza katika gazeti la New York kwamba wako tayari kupambana na Wamarekani kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani hawakuwa hata na bunduki za umbali huo. Viwanda viwili, Remington na Sharps, vikazitengeneza kwa haraka. Hapo ndipo mashindano yalipopata maana kubwa kuliko mchezo, kwa kuwa Waayalandi walitumia bunduki za Rigby zilizojazwa kwa mdomoni kama gobori, kila kipimo cha baruti kikiwa kimepimwa mbele na kutiwa kwa mkono, na Wamarekani walitumia bunduki mpya zilizojazwa kwa nyuma. Wajuzi wengi wa siku zile walisema kwamba bunduki ya kujazwa nyuma haiwezi kulingana na ya mdomoni kwa umbali mrefu.

Walikutana tarehe 26 Septemba 1874 katika uwanja wa Creedmoor, nje ya mji wa New York, watu sita kwa sita. Kila mtu alipiga risasi 15 kwa kila umbali, na iliyofika katikati ilipata alama 4. Kwa yadi 800 Wamarekani walipata alama 326 na Waayalandi 317. Kwa yadi 900 Waayalandi 312, Wamarekani 310. Kwa yadi 1,000, umbali unaozidi mita 900, Waayalandi 302, Wamarekani 298. Jumlisha mwenyewe: 934 kwa 931. Baada ya siku nzima na risasi 540, tofauti ilikuwa alama tatu. Wenye kutaka kusema kwamba bunduki mpya iliishinda ya zamani wana haki ya kuzitaja alama hizo tatu, lakini wasilifiche jambo la pili. Mwayalandi mmoja, J. K. Milner, alipiga katikati kabisa, ila alipiga katikati ya shabaha isiyokuwa yake! Hakupewa kitu. Zile alama 4 zingehesabiwa, Waayalandi wangeshinda kwa 935.

Risasi ya mwisho ya siku ilikuwa ya Kanali John Bodine, Mmarekani. Kabla ya kuipiga, Waayalandi walikuwa mbele kwa alama moja. Muda mfupi uliotangulia chupa ya tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi, na damu ilikuwa ikimtoka. Akajifunga kitambaa, akalala chini, akalenga kwa muda mrefu, akapiga katikati. Nakuomba uitazame picha hiyo. Hapa tumefika katika umbali ambao, kwa hesabu yetu, risasi na bunduki zina sauti kubwa kuliko mahali pote, na viwanda vya nchi mbili vimefanya kazi yao hata vikalingana. Vilipolingana, mizani iliinamishwa na mtu aliyekosea shabaha na mtu aliyejifunga kitambaa.

Labda utasema kuwa hayo ni mambo ya wachezaji waliolala juu ya majani, hakuna aliyekuwa akiwapiga. Ni kweli. Basi na tuende vitani, mahali ambapo swali letu lilikuwa swali la serikali nzima.

Mwezi wa Desemba 1899, huko Afrika Kusini, majeshi ya Uingereza yalipigwa na Makaburu mara tatu katika juma moja: Stormberg, Magersfontein na Colenso. Makaburu wengi walikuwa wakulima na wawindaji. Walijificha katika mitaro na mawe wakapiga kutoka mbali kwa bunduki za Mauser zilizonunuliwa Ujerumani, zenye risasi ya milimita 7, nyembamba na yenye mwendo mkali. Waingereza walikuwa na bunduki za risasi ya .303, yaani inchi 0.303, ambayo ni karibu milimita 7.7. Zaidi ya hayo, baadhi ya bunduki mpya walizopelekewa zilikuwa na ncha ya mbele isiyokaa sawa, hata zikapiga kulia kwa kama inchi 18 katika yadi 500. Mlengaji angelenga apendavyo. Bunduki ilikuwa imekwisha kumpotosha kabla hajazuia pumzi.

Vita vilipokwisha mwaka 1902, wakubwa wa jeshi la Uingereza walijiuliza lile lile tulilojiuliza chuoni: tulishindwa na risasi, au tulishindwa na walengaji? Ajabu ni kwamba walijibu mara mbili. Jibu la kwanza lilikuwa kuibadili risasi. Wahandisi wakabuni risasi mpya ya .276, karibu sawa kwa upana na ile ya Makaburu lakini yenye baruti nyingi zaidi, pamoja na bunduki yake. Ilijaribiwa na askari mwaka 1913. Iliruka kwa mwendo wa kutisha, lakini mtutu ulipata moto kupita kiasi, ukalika upesi, na mwali wa mdomoni ulikuwa mkubwa. Mwaka 1914 kazi hiyo iliachwa. Jibu la pili lilitoka katika shule ya shabaha ya Hythe, kusini mwa Uingereza, na halikugusa risasi hata kidogo. Mkufunzi wake mkuu, N. R. McMahon, alitaka jeshi lipewe bombomu zaidi, nazo zikaonekana kuwa ghali. Basi akasema kila askari afundishwe mpaka bunduki yake ifanye kazi ya bombomu. Askari wa kawaida akafundishwa kupiga risasi 15 zenye kulengwa kwa dakika moja, na waliofuzu vizuri wakaongezewa mshahara wa hadi pensi 6 kwa siku. Risasi ilibaki ile ile ya .303.

Tarehe 23 Agosti 1914, katika mji wa Mons nchini Ubelgiji, watu wa jibu la pili walikutana na jeshi la Wajerumani lililowazidi sana kwa idadi, wakalizuia kwa siku nzima kabla ya kurudi nyuma. Husemwa kwamba Wajerumani walidhani kila kichaka kina bombomu. Hadithi hiyo imetiwa chumvi, nami sikushauri uiandike katika mtihani. Lakini kwamba bunduki za kawaida mikononi mwa watu waliofundishwa ziliwashangaza Wajerumani, hilo halina ubishi.

Kabla sijaondoka katika risasi ya milimita 7, nataka kumtaja mtu mmoja aliyeitumia katika pande zetu. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, alifika Mombasa mwaka 1897 akiwa bado kijana, akapata kazi ya kuwalinda wajenzi wa reli dhidi ya simba. Baadaye aliwinda pembe za ndovu huko Karamoja, katika Uganda, hata akaitwa kwa jina la nchi hiyo. Wawindaji wenziwe walibeba bunduki kubwa mno, risasi ya.577 ilikuwa na kichwa cha gramu 48 hivi na teke la kumwangusha mpigaji mwenyewe. Bell aliua sehemu kubwa ya ndovu wake, ambao kwa hesabu yake walizidi 1,000, kwa risasi ya milimita 7 yenye kichwa cha gramu 11. Siri yake ilikuwa msumeno. Alipasua fuvu la ndovu katikati akajifunza ubongo unakaa wapi ukitazamwa kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Alichokishika sana kuhusu risasi ni kwamba isikatae kulipuka. Bunduki nyingine aliziacha kwa sababu risasi zake zilimwangusha wakati wa haja. Sikusimulii haya ili umsifu. Ndovu 1,000 ni wengi kupita kiasi kwa mkono mmoja, na nchi yetu ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Namtaja kwa kuwa alikwenda kinyume cha mawazo ya wakati wake, na yale mafuvu yaliyopasuliwa yalikuwa upande wake.

Sasa turudi katika mwaka 1914, twende Tanga, maana hapo ndipo swali letu lilipoulizwa katika pwani yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa Novemba, meli za Uingereza zilifika Tanga zikiwa na askari kama 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walikuwa na bunduki za .303, zenye baruti isiyotoa moshi, na kichwa kilichotoka kwa mwendo unaozidi mita 600 kwa sekunde. Aliyewangoja alikuwa Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye aliwaleta watu wake kwa reli kutoka Moshi, akauzunguka mji usiku kwa baiskeli ili auone kwa macho yake. Alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Na bunduki zao? Sehemu kubwa walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayojazwa risasi moja moja. Kichwa chake kilikuwa donge la risasi nyeusi la gramu 25, lenye mwendo wa mita 430 hivi kwa sekunde. Kibaya zaidi, baruti yake ilikuwa ya zamani, ya moshi. Askari akifyatua, wingu jeupe lilisimama juu ya kichwa chake kumwambia adui, "Nipo hapa."

Ungewauliza wale vijana wa mdahalo wetu mahali pale, kabla ya mapambano, nadhani wote wangeupigia kura upande wa meli. Mapambano makubwa yalikuwa tarehe 4 Novemba. Yalipiganwa katika mashamba ya minazi na mipira na vichaka, macho yasikoweza kwenda mbali. Kumbuka hesabu yetu: mahali pa umbali mfupi, ubora wa risasi hufunikwa na mtu. Na watu wenyewe walikuwaje? Wale wa meli walikuwa wamesafiri majuma kadhaa katika joto, wakitapika kwa bahari, wakashushwa na kupelekwa mbele katika nchi wasiyoijua. Vikosi vyao havikuwa sawa. Kikosi cha Kiingereza cha North Lancashire na kile cha Kashmir vilipigana kwa ushujaa hata vikaingia mjini. Vingine vilivunjika na kukimbilia ufukweni. Askari wa Lettow walikuwa wamezoeshwa kupigana vichakani, waliwajua maofisa wao, walijua kungoja. Nyuki wa mwitu nao, waliokasirishwa na risasi zilizopasua mizinga yao, waliwauma watu wa pande zote mbili bila kupendelea.

Sitakudanganya, msomaji: bombomu za Wajerumani zilifanya kazi kubwa siku ile, na ujinga wa kujitangaza kabla ya kushuka ulifanya kazi kubwa pia. Lakini tukiitazama bunduki peke yake, bunduki mbovu ilikuwa upande ulioshinda. Tarehe 5 Waingereza walipanda meli tena. Walipoteza watu zaidi ya 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea. Waliouawa upande wa Lettow walikuwa kama 70. Na ile .303 iliyokimbia Tanga ni jamii moja na .303 iliyosimama Mons miezi miwili na nusu kabla yake.

Je, basi mpinzani wetu wa chuoni alikuwa na haki, na risasi si kitu? Subiri kidogo. Ufukweni mwa Tanga Waingereza waliacha bunduki za kisasa za kutosha kwa kombania tatu na zaidi, bombomu 16 na risasi 600,000. Lettow alizipokea kwa furaha, akawapa watu wake. Hakuwaambia kwamba mtu ndiye kila kitu na moshi haudhuru. Alijua kuwa askari wake ni wazuri, na kwamba askari mzuri mwenye wingu juu ya kichwa hatadumu. Mwezi wa Aprili 1915 meli moja ya Kijerumani, Rubens, ilipenya mpaka ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikipakia bunduki na risasi. Manowari ya Uingereza iliipiga, ikazama katika maji ya kina kifupi. Shehena ikaopolewa. Risasi zilizoloa zikafunguliwa moja moja kwa mkono, baruti ikaanikwa, vichwa vikarudishwa mahali pake. Hata hivyo nyingi zilikataa kulipuka. Mfikirie askari aliyezuia pumzi vizuri, akakaza mtambo polepole kama alivyofundishwa, akasikia mlio mdogo wa chuma, kisha kimya.

Nawe utaniuliza, na babu zetu je, wale waliotajwa katika hoja yetu? Sitasema kwamba silaha haikuwa kitu kwao. Mkuki hauendi mita 300, na mbele ya bombomu ushujaa hauongezi urefu wa mkono. Lakini lipo jambo moja la kukumbuka. Wanandi walipigana na Waingereza tangu 1895 mpaka 1905, miaka kumi, mbele ya bunduki hizo hizo. Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipokuja katika mkutano wa kutafuta mapatano, akapigwa risasi na ofisa Richard Meinertzhagen kwa umbali wa kupeana mkono. Kwa umbali huo hakuna haja ya kuuliza habari za risasi, wala za mtutu, wala za jicho la mlengaji. Miaka tisa baadaye ofisa huyo huyo alikuwapo Tanga, upande wa walioshindwa.

Lettow hakushikwa. Kwa miaka minne alizunguka kutoka Tanga mpaka Msumbiji na kurudi, na kila bunduki aliyoitumia iliitegemea sanduku la risasi zake. Risasi za Kijerumani zilipopungua, bunduki za Kijerumani zikatupwa, watu wakachukua za adui kwa sababu risasi za adui ndizo zilizopatikana: kila kambi iliyotekwa ilikuwa ghala. Masanduku hayo hayakutembea yenyewe. Yalibebwa vichwani na wapagazi wa pande zote mbili, ambao hawakuulizwa kama wanapenda vita. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya serikali ilikubali kwamba zaidi ya 40,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina kutokana na kikosi chao.

Tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya, Lettow aliweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, katika Zambia. Waingereza waliandika orodha ya walichopokea: askari 1,168, wapagazi 1,522, bombomu 37 ambazo 7 tu zilikuwa za Kijerumani, risasi 208,000, na bunduki 1,071. Bunduki hizo zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.